Mishubiri ya Mlima wa Baridi

Enzi zetu, siye tuliokulia mtaa wa Ngezi, baridi ya mji wa Bunia tuliijua kwa nyayo. Asubuhi za mwezi wa saba, ukitumwa kuchota maji, udongo wa njiani ulikuwa baridi kama tumbo la chura, na tulitembea kwa visigino mpaka jua lilipopanda juu ya manjanja, yale mabati ya nyumba za jirani. Hakuna aliyetuuliza kama tuna sweta. Siku hizi nikipita mtaa uleule nawaona vijana, saa nne ya asubuhi, wamejifunika makoti mazito yenye kofia za manyoya, mikono mfukoni, wanalalamika kwamba leo hali ni ngumu. Najiuliza makoti yale yalishonwa kwa ajili ya nchi gani.

Ilikuwa miaka ya amani ya kulala na viatu karibu na mkeka. Vita vimekwisha, watu walisema hivyo, redio nayo ikasema, na askari wa kofia za buluu walipita katika magari meupe wakitupungia mkono. Lakini kila nyumba ilikuwa na mfuko mmoja uliofungwa tayari nyuma ya mlango, na tairi likipasuka barabarani, mama wote wa avenue, yaani wa mtaa wetu, walianza kuita watoto kwa majina. Siye watoto tulicheza bariyeri, kizuizi cha barabarani. Unatandaza kamba njiani, wawili wanashika ncha, na wa tatu, yule mwenye sura mbaya kuliko wote, anadai karanga au kipande cha muwa kabla mtu hajapita. Tulicheza elastiki, kuruka uzi wa mpira, tulipiga mpira wa mifuko ya nailoni, na nyuma ya shule kulikuwa na mikonge mikubwa ambayo kila mmoja wetu aliandika jina lake juu ya jani kwa mwiba. Jina lilikauka likawa kovu jeupe, likakua pamoja na jani. Mimi shule niliiacha mapema, darasa la sita sikulimaliza, lakini jina langu lilibaki pale likisoma miaka mingi baada yangu.

Mambo ya mbegu ninayotaka kuwasimulia yalianza kwa papa, baba yetu. Tulipoukimbia mji wakati wa vita tulielekea kwao mama, upande wa Mahagi, kwa miguu, na papa akaugua kifua katika ile milima ya juu ambako barabara inapita karibu na mawingu. Alifia hapo. Mama mmoja mjane, ambaye hakuwa ndugu yetu wala hakutujua, alitupa nafasi pembeni ya shamba lake la viazi, akatupa na jembe, na wapita njia wakasaidia kuchimba kaburi. Kesho yake tuliendelea na safari. Mji ulipotulia tukarudi Bunia, tukapata nyumba Ngezi, mama akaanza kuuza samaki wadogo wa ziwani sokoni. Kila mwaka, barabara ikiwa nzuri na habari za barabara zikiwa nzuri, alipanda lori kwenda kumsalimia papa.

Safari ya kwanza alimpelekea msalaba wa mbao. Aliporudi mwaka uliofuata msalaba haukuwepo. Akapeleka mwingine, wa mbao ngumu, nao ukapotea. Mjane hakumficha kitu: kule juu usiku ni mkali, kuni ni za shida, na mtu anayetetemeka hasomi jina lililoandikwa juu ya ubao. Mawe aliyoyapanga yalikwenda kuwa mafiga ya watu. Saruji ilikuwa ndoto.

Tena kulikuwa na desturi ya mlima ule. Kaburi lenye mmea uliopandwa na mkono wa mtu, jembe linalizunguka, hata kama mwenye shamba amebadilika. Kaburi lisilo na kitu, mvua chache zikipita, linarudi kuwa shamba, na hakuna wa kulaumiwa. Mjane alikuwa akilizuia jembe lake kwa kukisia tu, na wanawe walikuwa wameanza kumwuliza mpaka lini.

“Panda kitu yenye kuishi, mama,” alimwambia. “Miye nitakufa, na batoto bangu hawajue fasi papa iko nalala.”

Alimpa misimu miwili ya kulima. Baada ya hapo wanawe wangelima moja kwa moja mpaka barabarani.

Mama alirudi akiwa na haraka. Uani kwetu, kama katika kila ua wa Ngezi, kulikuwa na mshubiri. Mnaukumbuka: wa kupaka mtu aliyeungua, wa minyoo, wa kuwekea kuku maji yao wakianza kusinzia. Na wa kuachishia mtoto ziwa, kwa kupaka ule utomvu wake wa manjano. Wengi wetu tulionjeshwa mshubiri kabla ya kujua kusema, na nadhani ndiyo sababu kizazi chetu hakishangazwi na uchungu. Mama aling’oa machipukizi manene, akayapeleka, akayapanda. Baridi ya kule ikayashika na mvua ya mawe ikamalizia. Tulipoambiwa habari zake yalikuwa yamelegea kama ndizi iliyopikwa. Mshubiri wa mjini ulizoea kulala karibu na jiko. Na msimu wa kwanza ukawa umekwenda hivyo.

Lakini juu ya shamba la mjane kulikuwa na miamba, na kwenye miamba iliota mishubiri ya namna nyingine, mifupi, yenye majani manene na meno makali, ambayo mvua ya mawe iliipiga mwaka hata mwaka na haikujali. Mama alikwenda na jembe. Mjane akamshika mkono. Mishubiri ya mwamba haina mwenyewe, alimweleza, na anayeing’oa anaita mvua ya mawe juu ya viazi vya watu wote. Jani chukua ukiungua moto, mbegu chukua, mzizi hapana. Na mishubiri ile haikuzaa machipukizi pembeni kama ya kwetu. Kila mmoja ulisimama peke yake. Ikabaki njia moja tu, mbegu.

Katika Ngezi hakuna mtu aliyewahi kupanda mbegu ya mshubiri. Mshubiri unavunja kipande, unachomeka, umemaliza. Habari zilipoenea, mama alichekwa mpaka kisimani. Mwanamke mmoja alimwuliza kama mwakani atapanda mayai ili avune kuku.

Mbegu zilishuka na dereva wa lori la viazi, zimefungwa ndani ya kitambaa. Mjane alikuwa ameyafunika mabua kwa soksi kuukuu kabla vidonge vya mbegu havijapasuka, maana vikipasuka upepo hauachi kitu. Mama alifunga mlango na dirisha ndipo akafungua kitambaa. Zilikuwa nyembamba, rangi ya majivu, kila moja na kibawa kama ganda la kitunguu, na tulikatazwa kucheka karibu nazo.

Aliyetufundisha kuzipanda alikuwa jirani yetu Mama Masika, mwuza maharagi, aliyehamia Bunia na watu wake kutoka milima ya baridi ya Lubero. Mshubiri wa mbegu hakuujua, ila baridi aliijua. Alipenda kusema kwamba alikutana na baridi kabla hajakutana na baba yake. Alituagiza mchanga wa mtoni, matofali mabovu tuyatwange, na vumbi la makala, yaani mkaa. Tulijaza mikebe ya nyanya na ya maziwa, tumeitoboa chini kwa msumari, tukaisimamisha ndani ya beseni ili maji yapande yenyewe kutoka chini, kwa sababu maji ya kumwagia yanafukuza mbegu. Juu yake changarawe kidogo sana, kama chumvi juu ya yai.

Kisha tukangoja, na mimi kungoja sikujua. Kila siku nilichimbua mkebe mmoja kwa kijiti nione mbegu imefikia wapi. Mama alinikuta nimeinama. “Weye unataka kuona mutoto angali mu tumbo?” akaniuliza, na fimbo ikajibu kwa niaba yangu.

Asubuhi moja mchanga ulikuwa na nywele. Nywele za kijani, nyembamba, ambazo hata ungeapa usingeamini ni mshubiri. Mama alifurahi hata akasahau kwenda sokoni. Na furaha hiyo ndiyo ilileta ugomvi, kwa sababu jua lilipozama aliingiza mikebe yote ndani na kuipanga karibu na mbabula, jiko letu la makala, ipate joto. Mama Masika alipoiona aliitoa nje mmoja mmoja, bila kuomba ruhusa.

“Mama, uko nalea mushubiri ama uko nalea padri?” alisema. “Kitu yenye itaenda kuishi mu baridi, ifundishe baridi ingali kidogo.”

“Unasema hivi juu weye hauna kaburi kule,” mama akamjibu.

Mama Masika akarudi kwake. Alfajiri tulimkuta ameleta meza yake ya kukaushia vyombo, ameiweka katikati ya ua mahali pasipo na kivuli wala paa, akaondoka. Mama aliitazama meza ile muda mrefu. Halafu akapanga mikebe juu yake. Tangu siku hiyo ililala nje, mvua ikiwemo, umande ukiwemo. Miche michache ikafa. Iliyobaki ikakaza majani, na mama akaacha kuamka usiku kwenda kuipapasa.

Mvua zilipopungua aliihamisha kwenye tuta la wazi kando ya ua, ili mizizi ijifunze udongo. Ilikuwa bado midogo, majani mawili matatu, membamba, yamesimama wima. Ukiwa hujui, ungeona majani ya kawaida yameota kwa mstari.

Wenzangu wa enzi hizo mnaijua salongo. Jumamosi asubuhi kila mtu afagie, afyeke, azibue mfereji mbele ya kwake, na shefu wa avenue, mkuu wa mtaa, anapita kutazama, na nyumba yenye majani inasikia jina lake likitajwa kwa sauti. Jumamosi moja mama aliondoka mapema kwenda Kasenyi, kule ziwani, kuchukua samaki. Siye watoto tulikuwa tumepelekwa kusafisha uwanja wa kanisa. Mama Masika akaona ua wetu hauna mtu, na shefu yuko njiani. Hakutaka jirani yake aaibishwe. Alisafisha kwake, akavuka, akasafisha na kwetu, na kwa kuwa alikuwa mwuza maharagi, mtu asiyevumilia hata jiwe moja katika kilo, hakufyeka. Aling’oa kwa mkono, jani kwa jani, na mizizi yake. Mishubiri alikuwa ameizoea juu ya meza, ndani ya mikebe. Hakujua kwamba imehamia chini.

Mama alirudi mchana na beseni la samaki kichwani. Tuta lilikuwa safi kama sahani. Alishusha beseni polepole. Mama Masika alikuwa akivuka kuja kwetu na kigae cha makaa ya moto mkononi, ili awashe lundo la majani alilolirundika kwenye kona, naye alikuwa akitabasamu.

“Nilikufanyia salongo, mama. Shefu alisifu.”

“Mama Masika,” mama alisema, taratibu kabisa, “umeng’oa bwana yangu.”

Mama Masika alitazama tuta, akatazama lundo, akatazama moto alioushika. Alikwenda kuumwaga mferejini. Aliporudi alikuwa na ungo wake wa maharagi. Aliketi chini kando ya lundo, miguu imenyooka, akaanza kuchambua.

Lundo lilikuwa kubwa kama mbuzi aliyelala, na kila kilichokuwemo kilikuwa kijani, chembamba, kimenyauka. Alichambua kidogo akasimama, kwa sababu hata yeye hakuweza kutofautisha. Ndipo alipochukua jani moja, akalimega ncha, akaliweka ulimini. Akatema. Akachukua jingine, akamega, akatema, na la tatu akakunja uso wote, macho yakatoka machozi. Hilo akaliweka ndani ya ungo.

“Ita batoto,” alimwambia mama.

Tulikuja, na wa kwake wakaja, na wale wa bariyeri wakaja na kamba yao. Tuliketi tumezunguka lundo na kuonja Ngezi nzima, jani kwa jani. Lisilo chungu, tupa nyuma. Lenye uchungu, pigia kelele na uweke kwenye ungo. Wapo waliotema, wapo waliomeza kwa bahati mbaya, na mmoja wa vijana wa Mama Masika alianza kudanganya, anasema “hapana chungu” bila kuonja, mpaka mama yake alipomkamata na kumlisha mwenyewe. Shefu wa avenue alirudi akapitia hapo, akakuta ua mzima, wakubwa kwa wadogo, unatafuna majani, na akauliza kwa heshima kama njaa imefika hapo na mbona hakuambiwa. Jioni ile samaki wa Kasenyi walikuwa na ladha ya kwinini, na chai yenye sukari vilevile. Lakini sikumbuki mlo mwingine tuliocheka hivyo. Mama peke yake hakucheka.

Hata nusu ya mishubiri hatukuipata. Mingi ilikuwa imekatika mizizi, na yote ilikosa ncha ya jani, mahali tulipouma. Mama alitaka kuirudisha udongoni usiku uleule. Mama Masika akamwomba, safari hii kwa sauti ya chini, aiache kwanza kivulini juu ya ungo vidonda vikauke, kama wanavyofanya kwa kiazi cha mbegu kilichokatwa, la sivyo itaoza. Mama alikubali. Siku zile msimu wa pili wa mjane ulikuwa unakaribia kwisha, na hapakuwa na mbegu nyingine wala muda wa kuingojea. Baadaye alipoipanda, Mama Masika alikuja kila asubuhi kabla ya soko, akasimama kwenye ukingo wa tuta, akatazama, akarudi kwake. Hivyo kwa majuma. Asubuhi moja alikaa zaidi ya kawaida, akamwita mama kwa kidole. Katikati ya majani yale yaliyoumwa kulikuwa na ncha mpya, ngumu, yenye meno.

Siku ya kuipeleka, Mama Masika alifunga meza yake ya maharagi akaja nasi. Tulikaa juu ya lori, yeye ameshika boksi la mishubiri mapajani, nami ndani ya kitenge chake, na kadiri tulivyopanda ndivyo baridi ilivyotuingia mifupani. Mjane aliwaita wanawe wote waje washuhudie, wasiseme kesho hawakuona. Tulipanda tukizunguka pale alipoonyesha kwa kidole, kichwa huku, miguu kule. Mama Masika aligandamiza udongo kwa viganja na kumsemesha papa kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa kirefu, na hakuna aliyemwuliza alisema nini. Mama alisema maneno machache tu: “Papa ya batoto, sasa haupotee tena.”

Mwaka uliofuata tulikuta mishubiri imekuwa myekundu, majani yote, rangi ya tofali. Mama alishika kichwa akidhani imeungua. Mjane akacheka mpaka akaegemea jembe. Haiumwi, akasema, hiyo ndiyo sweta yake ya baridi. Na tulipoinua macho tuliona matuta ya viazi yakija yamenyooka kutoka juu ya shamba, yanafika pale, yanapinda kumzunguka papa, halafu yananyooka tena mpaka barabarani. Baadaye ilitoa maua mekundu marefu. Madereva wakaanza kupaita mahali pale Kwa Maua, na abiria akisema nishushe Kwa Maua hakuna aliyemwuliza ni wapi.

Tangu hapo mimi nimezunguka sana. Sina kazi moja wala anwani moja. Nimevuna mihogo Aveba, nimebeba mizigo Epulu, nimelala Mambasa nyumba za watu nisiowajua, na kila ninapofika nachungulia watu wamepanda nini juu ya wafu wao. Mjini sasa sokoni kuna maua ya plastiki, hayaombi maji, na vijana wanayaweka, wanapiga picha, wanaondoka kabla vumbi halijatua. Mpwa wangu alielekeza simu kwenye mshubiri wa mama ili imwambie ni mmea gani. Simu ikampa jina la Kilatini, akaridhika. Nilimshauri auonje. Alinitazama kama mtu anayetaka kumlisha sumu ili amrithi.

Mama amezeeka, yuko Ngezi palepale. Mjane alikwishafariki, na wanawe waliolima wakizunguka hawako tena mlimani. Mambo ya kule yaliharibika upya, watu wakakimbia, na wao wako kambini upande huu, wakingoja kama tulivyongoja siye. Barabara siku inafunguka, siku inafungwa. Wanaopita kwa haraka wanatuambia nyasi zimefika kifuani, na kwamba juu ya nyasi maua mekundu bado yanaonekana.

Enzi zile kitu alichokiogopa mama duniani kilikuwa jembe. Siku hizi analingoja, na akisikia mtu ameshuka kutoka kule, anavaa viatu anamfuata mpaka anapofikia. Habari za maua hamwulizi. Anamwuliza kama njiani aliona mtu yeyote akilima.